UZI: Breki ya pikapu ikikataa, tunamuuliza nani?

1/
Wadau wa Kitui na Makueni, na wote mnaofuatilia siasa zetu hapa mtandaoni, kaeni kidogo. Ajali mbaya ikitokea, mjadala ni uleule. Mmoja anasema magari mzee yaondolewe barabarani. Mwingine anasema mnaonea maskini. Wa tatu anasema ni dereva tu, tusizunguke. Leo tutenganishe mambo manne ambayo kwenye majukwaa huchanganywa kama githeri. Sitaji mheshimiwa yeyote wala chama. Ni hoja tu.

2/
Nianze nyumbani. Msimu wa maembe uliopita, pikapu ya mjomba wangu ilitoka Kathonzweni imejaa kreti, na juu ya kreti wamekaa wamama watatu wa soko. Kwenye mteremko mjomba akakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Hakuna kitu. Akaielekeza kwenye ukingo wa udongo, ikakwaruza, ikasimama. Maembe yakamwagika. Watu wakashuka wakitetemeka, lakini wazima.

3/
Pikapu ikavutwa hadi gereji. Fundi akafungua, akatazama, wala hakushangaa. Akasema: "Mzee, hizi za mwaka huu ziko hivi. Hii ni ya tatu tangu Krismasi."

Sitaji aina ya gari. Magari matatu kwa fundi mmoja si uchunguzi. Lakini mbona hayo maneno yakaishia hapo gereji? Hakuna aliyeyaandika popote. Uzi huu unahusu hilo.

4/
Mambo manne tunayochanganya ni haya:

a) Kikomo cha umri: gari la miaka mingapi linaruhusiwa kuingia nchini?
b) Ukaguzi: gari HILI, leo, liko sawa?
c) Uchunguzi wa kasoro: magari YOTE ya aina hii yalitengenezwa vibaya?
d) Mwito: kiwanda kuyaita magari yake yarudi yatengenezwe bure.

Mheshimiwa akisema "tutamaliza magari mabovu," muulize anazungumzia herufi gani.

5/
Tuanze na (a). Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Hiyo ni KS 1515, kiwango kinachosimamiwa na KEBS. Kwa mfano, mwaka 2025 gari lilitakiwa liwe limesajiliwa kuanzia 2018. Lakini sheria hiyo ni ya mlangoni. Gari likishaingia, linaweza kuzeekea hapa Mutomo au Kibwezi miaka mingine 20.

6/
Tena umri na kasoro ni vitu viwili. Gari la miaka 25 lililotunzwa linaweza kuwa zima kuliko la miaka 3. Na gari jipya kabisa, bado lina plastiki kwenye viti, linaweza kuwa na kasoro ya kiwandani. Kwa hiyo "ondoa magari mzee" inasikika kama jawabu, ila inajibu swali lingine.

7/
(b) Ukaguzi. Hii ni kazi ya NTSA, iliyoundwa na Sheria Na. 33 ya 2012. Matatu na magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Sheria ya Trafiki inagusa pia magari mengine yaliyopita miaka 4 tangu yatengenezwe, na kila serikali inapojaribu kulitekeleza hilo kwa magari ya watu binafsi, kelele huanza. Mkaguzi anatazama breki, taa, tairi, usukani. Gari hili, siku hii.

8/
Upande mmoja utakuambia "hiyo inspekshen ni njia ya kula tu." Upande wa pili utasema bila ukaguzi tutakwisha. Sawa, bishaneni. Lakini sikia: hata ukaguzi ukiwa safi, bila hongo hata ya shilingi moja, bado hauwezi kuona kasoro iliyofichwa ndani ya kifaa na inayojitokeza baada ya kilomita elfu kadhaa. Breki inashika vizuri kituoni asubuhi, inakataa Jumamosi ukiwa na mzigo.

9/
(c) Uchunguzi wa kasoro. Hapa ndipo maneno ya fundi yangekuwa na maana. Marekani wana mamlaka inayoitwa NHTSA, na ndani yake kuna ofisi ya kuchunguza kasoro tu. Kazi yao huanzia pahali pa kawaida sana: malalamiko ya mwenye gari. Unajaza fomu: aina ya gari, mwaka, nambari ya chesisi, kilichotokea, mwendo uliokuwa nao. Moja halina nguvu. Yakifika mengi yanayofanana, wanashtuka.

10/
Hatua zao kwa ufupi:
- Wanachuja malalamiko.
- Wanafungua tathmini ya awali na kuiandikia kampuni barua: tupeni malalamiko yenu, spea mlizouza, kesi mlizoshtakiwa.
- Wakiona uzito, wanaingia uchambuzi wa kihandisi: wanapima, wanalinganisha na magari ya kampuni nyingine.
- Mwisho kampuni inaita magari, au faili linafungwa.

Faili liko wazi. Mwananchi anaweza kulisoma.

11/
Msidhani huko ni mbinguni. Mfano ni pikapu za General Motors za miaka ya 1973 hadi 1987. Tangi la mafuta liliwekwa ubavuni, nje ya fremu. Likigongwa kwa upande, moto. Uchunguzi ulifunguliwa Desemba 1992, wakati mamilioni ya pikapu hizo, zikiwa zimeshazeeka, bado zilikuwa barabarani. Kampuni ikasema zilitimiza kiwango cha wakati wake.

12/
Oktoba 1994 serikali ikatangaza: hii ni kasoro ya usalama. Desemba mwaka uohuo wakaelewana. Kampuni ikatoa zaidi ya dola milioni 51 kwa miradi ya usalama barabarani, na pikapu HAZIKUITWA. Wenye nazo wakaendelea nazo hivyo hivyo. Somo hapo ni kwamba uchunguzi hufanywa na wahandisi, lakini mwisho wake huamuliwa kisiasa. Ndiyo maana nauleta kwenye ukurasa wa siasa.

13/
Mfano wa pili unatugusa zaidi. Agosti 2000, tairi za Firestone milioni 6.5 ziliitwa Marekani kwa sababu zilikuwa zinachanika zikiwa kwenye mwendo na magari yanapinduka. Lakini mwaka mmoja kabla, 1999, tairi hizo zilikuwa tayari zinabadilishwa katika nchi za Ghuba. Joto, mwendo mrefu, barabara ngumu. Ishara ilitoka nchi za joto kwanza!

14/
Bunge lao likakasirika, na Oktoba 2000 likapitisha sheria: kampuni ikiita magari nchi yoyote ile kwa kasoro ya usalama, na magari ya aina hiyo yanauzwa Marekani, iiambie NHTSA ndani ya siku 5 za kazi.

Sasa fikiria barabara ya vumbi ya Ikutha, mzigo wa ndengu, jua la saa nane. Sisi ndio tunaojaribu magari ya dunia kwa ukali kuliko wote. Matokeo ya majaribio hayo yanaandikwa wapi?

15/
Kuna na mifuko ya hewa ya Takata, ile inayofumuka ukigonga. Joto na unyevu wa miaka mingi vilidhoofisha kemikali ndani yake, ikawa inalipuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Januari 2018 Ford iliwaambia wenye pikapu za Ranger za 2006 kama 2,900 huko Amerika Kaskazini waache kuziendesha mara moja. Zilikuwa na miaka 12. (Ranger hiyo si sawa na ile iliyouzwa pande zetu, kwa hivyo jirani usikimbilie kupanika.)

16/
Japani, kunakotoka magari yetu mengi, je? Mwaka 2000 Mitsubishi Motors ilikiri kwamba ilikuwa ikiificha serikali malalamiko ya wateja kwa zaidi ya miaka 20. Januari 2002, mjini Yokohama, gurudumu la lori lake lilichomoka likamuua mama aliyekuwa akitembea na watoto wake wawili. Kampuni ikasema: ni wenye lori hawatunzi magari. Mwaka 2004 ikakiri kwamba kifaa kinachoshikilia gurudumu kilikuwa na kasoro tangu kiwandani.

17/
Rudieni hapo. Miaka miwili watu waliambiwa ni kosa la mwenye gari. Na walioambia watu hivyo ndio waliotengeneza gari.

Sisemi madereva wetu ni malaika. Mwendo wa kasi upo, pombe ipo, usingizi upo. Ila "ni dereva tu" ni jibu ambalo halimgharimu mtu yeyote isipokuwa marehemu, ambaye hawezi kujitetea.

18/
Sasa sheria yetu. Wengi hawajui tuna msingi mzuri. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46: mtumiaji ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya habari, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya FIDIA kwa hasara au jeraha linalotokana na kasoro ya bidhaa. Juu ya hiyo kuna Sheria ya Ushindani ya 2010 na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Kwa hivyo msidanganywe kwamba "Kenya hakuna sheria."

19/
Tatizo ni nani anaanza. KEBS ana viwango. NTSA ana ukaguzi na usajili. Mamlaka ya Ushindani ana malalamiko ya watumiaji. Polisi ana ripoti ya ajali. Kila mmoja ameshika kipande. Fundi wa Wote ambaye ameona magari matatu hana mlango mmoja wa kubisha na kusema: hesabuni hii.

20/
Hata baada ya ajali ya kifo, gari likikaguliwa, swali ni kama gari HILO lilikuwa na hitilafu kabla ya ajali. Swali zuri. Lakini ripoti moja ikikaa Kitui, nyingine Makindu, nyingine Mtito Andei, hakuna atakayegundua kwamba ni pikapu ya aina moja, mwaka mmoja, kifaa kimoja.

21/
Na je, mwito ukitolewa, utamfikia nani? Pikapu ikinunuliwa mpya kwa ajenti, ajenti ana jina la mnunuzi. Miaka kumi baadaye imeuzwa mara nne, mara nyingine kwa mdomo na karatasi ya makubaliano tu, logibuku bado ina jina la mtu wa kwanza. Ile iliyotoka Japani kuukuu ndiyo kabisa: kiwanda kilimjua mtu wa Osaka, hakimjui mtu wa Zombe. Barua itaenda kwa aliyekwisha kuiuza.

22/
Msishangae, hata huko Marekani kuna mwisho. Lazima ya kampuni kutengeneza bure hukoma miaka 15 baada ya gari kuuzwa kwa mnunuzi wa kwanza. Gari mzee huwa linaachwa peke yake polepole: kwanza na kiwanda, halafu na sheria, mwisho na kila mtu isipokuwa mwenye nalo na fundi wake.

23/
Haya, hoja ya "mnaonea maskini." Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Angalieni nani analipa:
- Kikomo cha umri: analipa mnunuzi.
- Ukaguzi: analipa mwenye gari.
- Mwito: analipa KIWANDA.

Katika hayo manne, njia pekee inayomtoza aliyetengeneza kasoro badala ya aliyeuziwa ndiyo ile ambayo hatuisikii kwenye mikutano. Anayemtetea maskini kwa kweli angeanzia hapo.

24/
Pingamizi la haki: "Pikapu za Ukambani zinaongezwa springi, zinabebeshwa tani mbili, zinafungwa spea feki. Kiwanda kina kosa gani?" Kweli kabisa. Huenda hata magari matatu ya yule fundi yalifungwa spea ileile mbovu kutoka duka lilelile. Lakini hilo nalo ni jambo la kujua! Kama ni spea feki, aliyeiingiza atafutwe. Kama ni mzigo, mjomba aambiwe. Kama ni kiwanda, kiitwe. Bila uchunguzi tunabaki kukisia, na kila upande unachagua kisio kinachoupendeza.

25/
Mambo haya yanawezekana kwetu. Oktoba 2018, basi lilipoanguka Fort Ternan na watu zaidi ya 50 kufa, paa liling'oka, na nchi ikaanza kuuliza sio tu juu ya dereva na safari ya usiku bali pia juu ya nguvu ya bodi. Kiwango cha bodi za mabasi kipo, KS 372. Swali lilihama kutoka "nani aliendesha" hadi "nani aliunda." Tulifanya kwa basi. Pikapu inabeba watu wetu kila siku ya soko.

26/
"Si gavana afanye?" Polepole. Kwa Jedwali la Nne la Katiba, viwango na usalama wa trafiki ni vya serikali kuu. Kaunti ina barabara za kaunti na uchukuzi wa umma wa kaunti. MCA akikuahidi kuita magari yarudi kiwandani, anakuuzia hewa. Lakini kaunti si mtazamaji. Sheria ya NTSA inataja kamati za uchukuzi na usalama za kaunti. Na kaunti yenyewe ina pikapu na ambulensi nyingi za aina chache. Rekodi ya matengenezo ya magari hayo ni hazina ya ushahidi ikiwekwa wazi.

27/
Kwa hiyo kwenye baraza lijalo, Kitui au Makueni (na Makueni mnajisifu kwa ushirikishaji wa umma, tuone), msiulize "mtafanya nini kuhusu ajali?" Hilo lina majibu elfu ya bure. Ulizeni:

1. Nani apokee malalamiko ya kasoro za magari, pahali pamoja, na yawekwe wazi?
2. Ripoti za ukaguzi baada ya ajali zitajumlishwa kwa aina na mwaka wa gari?
3. Mwito ukitolewa Japani, nani atamtafuta mwenye gari hapa?
4. Kaunti itachapisha rekodi ya magari yake?

28/
Wakati tunangoja majibu, mwenye pikapu fanya hivi:
- Soma nambari ya chesisi kwenye logibuku, hakikisha inalingana na iliyo kwenye gari.
- Iulize kwa ajenti wa kampuni hiyo, au kwenye tovuti ya kampuni. Nyingi zina pahali pa kuingiza nambari hiyo kuona kama gari limeitwa.
- Kifaa kikikataa, usikitupe. Piga picha, andika tarehe, kilomita na mzigo uliobeba.
- Hamisha logibuku iwe kwa jina lako.

29/
Na kama unataka kujua serikali ina nini kwenye faili, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuuliza kwa maandishi, na ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu. Wakikunyamazia, unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Hauhitaji wakili, na hauhitaji kumjua mtu.

30/
Mjomba alirudi barabarani wiki mbili baadaye. Embe halingoji sheria. Lakini kile kifaa cha breki kilichokataa amekiweka kwenye mkebe wa Kimbo, juu ya kabati, na karatasi yenye tarehe. Nilimuuliza anamwekea nani. Akasema, "Kuna siku mtu atauliza."

Tumfanye huyo mtu awe na ofisi. Ukiwa fundi na una "ya tatu tangu Krismasi" yako, andika hapo chini aina ya kasoro na mwaka wa gari, bila majina ya watu. Tuanze kuhesabu.